Takotsubo zisizo za kawaida: ulinganisho wa aina zake, vipimo na dawa za kila moja

Wagonjwa wawili wanalazwa na maumivu ya kifua. Troponini (protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia) imepanda, presha imeshuka hadi 80 kwa 50, na angiografia (picha ya mishipa ya damu) inaonyesha mishipa ya koronari, inayolisha moyo, haijaziba. Wote wawili wana takotsubo, yaani udhaifu wa ghafla wa misuli ya moyo unaofuata msongo mkali wa mwili au wa akili. Hata hivyo, dawa ya kuongeza nguvu ya pigo la moyo inaweza kumzamisha mmoja wao, na dawa ya kupunguza nguvu hiyo ikamzamisha mwenzake. Kinachowatenganisha ni sehemu ya ventrikali ya kushoto (chumba kikuu cha kusukuma damu) iliyolegea na ile ambayo bado inasukuma. Swali la aina lijibiwe kabla dripu yoyote ya dawa ya presha haijafunguliwa.

Ugonjwa huu ulielezwa Japani mwaka 1990, na kwa muda mrefu picha iliyofundishwa ilikuwa moja tu: ncha ya moyo imetuna na haisogei, huku sehemu ya juu iliyo karibu na vali ikibana kwa nguvu. Bado ndiyo picha ya wengi. Rejista ya kimataifa ya InterTAK ilichapisha mwaka 2015 takwimu za wagonjwa 1,750: aina ya ncha asilimia 81.7, aina ya katikati 14.6, aina ya juu 2.2, na aina ya kipande kimoja 1.5. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano au sita, basi, hana ile picha ya vitabuni. Hao ndio wanaoandikiwa “mshtuko mdogo wa moyo” au “maiokaditisi” (kuvimba kwa misuli ya moyo) na kurudishwa nyumbani bila mtu kutafuta kilichowaangusha.

| Aina | Kilicholegea | Kinachobana kupita kiasi | Hatari ya kuwazia kwanza |
|---|---|---|---|
| Ncha | Ncha na katikati | Sehemu ya juu | Njia ya kutokea damu kubanwa. Bonge la damu kwenye ncha |
| Katikati | Mzunguko wa katikati | Ncha na sehemu ya juu | Kukosewa kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Presha kushuka |
| Juu (bezali, “iliyogeuzwa”) | Kuta zilizo karibu na vali | Ncha | Feokromositoma au damu kuvuja kwenye ubongo iliyojificha nyuma yake |
| Kipande | Eneo moja, mara nyingi mbele-pembeni | Sehemu nyingine ziko sawa | Kuchanganywa na mshtuko wa moyo au maiokaditisi |
| Ventrikali zote mbili | Kushoto na kulia | Hutofautiana | Maji kwenye kifua, moyo kushindwa, kulazwa muda mrefu |

## Msongo mmoja, maumbo tofauti

Kiini cha aina zote ni mafuriko ya adrenalini na noradrenalini. Majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa ncha ya moyo ina vipokezi vingi zaidi vya beta-2, yaani milango ya seli inayopokea adrenalini. Adrenalini ikizidi sana, vipokezi hivyo hubadili ujumbe wake: badala ya kuhimiza misuli ibane, vinaizuia. Maelezo hayo yanaiingia vizuri aina ya ncha. Kwa aina nyingine hayatoshi peke yake, na si busara kumpa mgonjwa nadharia moja kana kwamba imefunga mjadala. Linalosaidia kitandani ni kujua wagonjwa wa aina zisizo za kawaida wanavyofanana: kwa wastani wana umri mdogo kidogo (takriban miaka 63 dhidi ya 67), wana magonjwa ya mfumo wa neva mara nyingi zaidi, BNP yao (homoni inayotolewa na moyo uliolemewa) haipandi sana kama ya aina ya ncha, na ECG yao (mchoro wa umeme wa moyo) huonyesha ST, kipande cha mstari kinachofuata wimbi la pigo, iliyoshuka mara nyingi zaidi.

Sifa hiyo ya mwisho ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana, na nitairudia kwenye alama za InterTAK, yaani hesabu ya kukadiria uwezekano wa takotsubo.

## Aina ya katikati

Hii ndiyo inayopatikana zaidi miongoni mwa zisizo za kawaida, na ndiyo rahisi kuikosa kwenye eko iliyofanywa haraka. Ncha inacheza, kuta za juu zinacheza, na macho ya mpimaji yanatulia. Mkanda wa katikati uliolegea huonekana pale tu unapopitia picha za vyumba vinne, viwili na vitatu kwa utaratibu, ukiandika sehemu zote 17 moja moja badala ya kukadiria kwa jicho asilimia ya damu inayosukumwa. Ukuta mmoja wa katikati ukilegea peke yake, fikiria mshipa mmoja wa koronari. Ukilegea mzunguko mzima, hakuna mshipa mmoja unaoweza kueleza hali hiyo, na takotsubo inapanda juu kwenye orodha.

Msongo hapa si lazima uwe huzuni. Katika wagonjwa wa InterTAK ambao moyo ulidhoofika baada ya tukio la furaha, aina ya katikati ilionekana kwa asilimia 35, dhidi ya takriban asilimia 16 kwa waliopatwa na huzuni, hofu au hasira. Kwa hiyo swali “umepata habari mbaya?” ni finyu. Uliza kama kuna jambo lolote kubwa lililomtikisa katika siku zilizotangulia, pamoja na upasuaji, pumu iliyobana, maambukizi, kifafa na dawa alizochomwa. Wapo pia wasio na kichochezi chochote, zaidi ya robo ya wagonjwa wa rejista hiyo. Kukosekana kwa kisa hakufuti ugonjwa.

## Aina ya juu

Ni adimu, lakini ndiyo inayodai uchunguzi mpana zaidi, kwa sababu mara nyingi moyo ni shahidi tu wa tatizo lililo mahali pengine. Kuna vyanzo vitatu ambavyo kila mgonjwa wa aina hii anastahili kuulizwa au kupimwa.

Cha kwanza ni ubongo. Damu inayovuja chini ya utando wa ubongo humwaga katekolamini (adrenalini na jamaa zake) kwa wingi na kulegeza moyo, na kuta za juu na za katikati huathirika mara nyingi. ECG inaweza kufanana kabisa na ya mshtuko wa moyo. Mgonjwa aliyelalamika kichwa kumuuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, aliyepoteza fahamu, aliyetapika au mwenye shingo ngumu anahitaji CT ya kichwa kabla ya heparini. Kumpa dawa za kuzuia damu kuganda kwa kudhani ni mshtuko wa moyo ni kuongeza damu inayovuja kichwani.

Cha pili ni feokromositoma, uvimbe wa tezi ya adrenali unaomwaga homoni hizohizo. Dalili zake ni presha inayopanda na kushuka kwa mawimbi, kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio. Kipimo ni metanefrini (mabaki ya homoni hizo) kwenye plazma au kwenye mkojo wa saa 24. Ugonjwa mkali wenyewe hupandisha metanefrini, kwa hiyo ongezeko dogo lirudiwe mgonjwa akishapona, ila likiwa mara kadhaa juu ya kiwango cha kawaida, piga picha ya tumbo bila kungoja. Hapa kuna mtego wa dawa: ukianza na kizuia-beta (dawa ya kupunguza nguvu na kasi ya pigo) kabla ya kizuia-alfa (dawa ya kulegeza mishipa), mishipa inabaki ikibanwa bila kinachoilegeza, presha inaruka na moyo uliokwisha dhoofika unashindwa kabisa. Kizuia-alfa hutangulia daima.

Cha tatu ni sindano. Adrenalini iliyotolewa kwa mzio mkali, hasa ikiwa dozi ilizidi au iliingizwa moja kwa moja kwenye mshipa, inaweza kulegeza moyo wa mtu aliyekuwa mzima. Dobutamini, dawa ya kuongeza nguvu ya pigo la moyo, imefanya hivyo pia inapotumika kupimia moyo. Soma karatasi ya dawa alizopewa saa chache kabla, na uangalie njia iliyotumika na kipimo chake.

Kwenye picha, ncha ya moyo wa aina hii inacheza kwa nguvu, na bonge la damu ndani yake ni nadra kuliko kwenye aina ya ncha. Ncha hiyohiyo ndiyo inayodanganya: mpimaji akiiangalia kwa haraka anaweza kuandika “moyo unasukuma vizuri”.

## Kipande kimoja, na ventrikali ya kulia

Aina ya kipande ndiyo ngumu kuthibitisha. Eneo moja dogo limelegea, troponini imepanda, mishipa iko wazi. Bonge dogo lililoziba mshipa kisha likayeyuka, mshipa uliojikaza kwa muda, na maiokaditisi vyote vinaweza kutoa picha hiyo. Hapa MRI ya moyo ndiyo inayoamua, na bila MRI ni afadhali kuandika “huenda ni takotsubo” kuliko kutoa uhakika usiokuwepo. Tofauti hiyo ina uzito: aliyepata mshtuko wa moyo kwa bonge lililoyeyuka anahitaji dawa za kuzuia chembe sahani kushikana kwa muda mrefu, mwenye takotsubo pekee hazihitaji kwa sababu hiyo.

Ventrikali ya kulia si aina ya kujitenga sana. Mara nyingi huandamana na ya kushoto. Itazame kwa makusudi, kwa sababu ikihusika mgonjwa hupata maji kwenye kifua na moyo kushindwa mara nyingi zaidi. Mishipa ya shingo iliyojaa na miguu inayovimba mapema ni ishara za kukukumbusha.

## Presha ikianguka: uchaguzi wenyewe

Kabla ya dawa, pima njia ya kutokea damu kutoka ventrikali ya kushoto. Kwa eko, weka Dopla endelevu (kipimo cha kasi ya damu) kutoka kwenye ncha, kwenye picha ya vyumba vitano au vitatu. Mbano ukiwepo, mstari wa kasi huchelewa kufika kileleni na huwa na umbo la jambia. Tazama pia vali ya maitrali: ikivutwa mbele moyo unapobana, itavuja na kuziba njia kwa wakati mmoja. Ukiwa kwenye chumba cha angiografia, rudisha katheta polepole kutoka kwenye ncha hadi aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na uone ni wapi shinikizo linabadilika. Tofauti ya milimita 40 za zebaki au zaidi ni ya hatari. Sauti mpya ya moyo inayosikika wakati wa kubana ni ishara ya bei rahisi kuliko zote, ila hukosekana kwa urahisi wodini penye kelele.

Mbano upo. Hutokea pale kuta za juu zinapobana kupita kiasi, kwa hiyo utarajie zaidi kwenye aina ya ncha, na usiufute kwenye aina ya katikati. Dobutamini, adrenalini na dopamini huongeza mbano: presha inashuka, mhudumu anaongeza dozi, presha inashuka tena. Naitreti na furosemidi hupunguza damu inayojaza moyo na kuzidisha hali. Hata puto la kusaidia ndani ya aota linaweza kuongeza mbano kwa kushusha ukinzani mbele ya moyo. Kinachosaidia ni maji ikiwa mapafu ni makavu (mililita 250 kwa awamu, kisha sikiliza mapafu na upime upya), kizuia-beta cha muda mfupi kama esmololi ikiwa mapigo hayako chini na hakuna shaka ya feokromositoma, na dawa inayobana mishipa bila kuhimiza moyo, kama fenilefrini, chini ya uangalizi wa karibu sana.

Mbano haupo. Hii ndiyo hali ya kutarajia kwenye aina ya juu, ambako kuta ambazo zingebana njia ndizo zilizolegea. Presha imeanguka kwa sababu pampu imechoka. Kizuia-beta hapa kinamnyima mgonjwa nguvu kidogo iliyobaki. Lakini hata hapa dawa za jamii ya adrenalini hazifai kuwa chaguo la kukimbilia, kwa kuwa ndizo sumu iliyoanzisha ugonjwa. Levosimendani, ambayo haipitii kwenye vipokezi vya beta, na vifaa vya kusaidia mzunguko wa damu hupewa nafasi mapema pale vinapopatikana. Visipopatikana na mgonjwa anazidi kuanguka, dozi ndogo kabisa kwa muda mfupi kabisa, huku eko ikirudiwa.

Mgonjwa ambaye eko yake haijafanyika asipewe dobutamini kwa mazoea. Dakika tano za Dopla ni sehemu ya matibabu yake.

## Takotsubo, mshtuko wa moyo au maiokaditisi

Ikiwa ST imepanda, mgonjwa aende kwenye angiografia mara moja. Kuvutiwa na kisa cha msiba na kuacha mshipa ulioziba ni kosa lisilosameheka, kwani msiba unaweza kuleta mshtuko wa moyo wa kweli pia. Kinyume chake, kukuta mshipa ulioanza kuziba hakufuti takotsubo: takriban asilimia 15 ya wagonjwa wa InterTAK walikuwa na ugonjwa wa koronari pia. Swali sahihi ni kama eneo lililolegea linalingana na eneo linalolishwa na mshipa huo.

Troponini na BNP husaidia zikisomwa pamoja. Kwenye takotsubo, troponini hupanda kidogo ukilinganisha na ukubwa wa eneo lililolegea, na BNP hupanda sana. Kwenye mshtuko mkubwa wa moyo, troponini ndiyo inayoruka. Tofauti hii ni dhahiri zaidi kwenye aina ya ncha. Kwenye aina nyingine BNP ni ya chini, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Sasa zile alama. Jinsia ya kike ina alama 25, kichochezi cha hisia 24, cha mwili 13, kutokuwa na ST iliyoshuka (isipokuwa kwenye aVR, mojawapo ya mistari ya ECG) 12, ugonjwa wa akili 11, ugonjwa wa neva 9, na QTc ndefu (muda ambao moyo huchukua kujiandaa upya kiumeme, unaosomwa kwenye ECG) 6. Jumla ni 100, na zaidi ya 70 huashiria uwezekano mkubwa wa takotsubo. Zimetengenezwa kutokana na wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wanawake wenye aina ya ncha. Mchukue mwanamume mwenye damu iliyovuja kwenye ubongo, ST iliyoshuka, QTc ndefu na kuta za juu zilizolegea: atapata 13, 9 na 6, jumla 28. Kwa hesabu hiyo anasukumwa upande wa mshtuko wa moyo, ingawa ana takotsubo ya kufundishia darasani. Tumia alama kuamua haraka ya vipimo, usizitumie kufuta aina ya juu.

MRI hutofautisha vizuri ikifanywa mapema, katika siku za mwanzo kabla maji kwenye misuli hayajakauka. Takotsubo huonyesha maji katika eneo lililolegea bila kovu linalong’aa baada ya gadolinio, dawa ya kung’arisha picha. Mshtuko wa moyo huacha mng’ao unaoanzia tabaka la ndani na kufuata eneo la mshipa. Maiokaditisi huacha madoa katikati au tabaka la nje. MRI ya baada ya miezi miwili bado itaonyesha kovu kama lipo, lakini ushahidi wa maji utakuwa umetoweka.

Eko nayo ina saa yake. Kuta zinaweza kuanza kucheza tena ndani ya siku chache, kwa hiyo eko ya siku ya sita iliyo safi haithibitishi kwamba hapakuwa na kitu. Ndiyo maana, wakati wa angiografia ya dharura iliyokuta mishipa wazi, ni vizuri kupiga picha ya ventrikali papo hapo, isipokuwa figo au shinikizo ndani ya moyo haviruhusu. Hapo eko ifanywe kabla mgonjwa hajatoka chumbani.

## Siku zinazofuata

QTc hurefuka zaidi katika saa 24 hadi 48 za kwanza, katika aina zote. Mgonjwa abaki kwenye monita angalau saa 48. QTc ikipita milisekunde 500, ondoa kila dawa inayoirefusha: ondansetroni, haloperidoli, azithromisini, siprofloksasini, kwinini, na hata amiodaroni. Potasiamu ishikiliwe juu ya 4.0 mmol/L na magnesiamu isiachwe chini. Kutapika kunakotibiwa kwa ondansetroni huku potasiamu ikiwa 3.1 ni njia inayojulikana ya kufika kwenye torsade, mdundo wa moyo unaoweza kuua.

Bonge la damu ni suala la aina ya ncha hasa, na huonekana zaidi katika siku za mwanzo. Ncha ikiwa imelegea kwa eneo kubwa na asilimia ya damu inayosukumwa iko chini ya 30, dawa ya kuzuia damu kuganda inafikiriwa hata kabla bonge halijaonekana, hadi kuta zirudi kucheza. Bonge likionekana, kwa kawaida hutibiwa hadi miezi mitatu na eko irudiwe. Kwa aina ya juu au ya kipande, ambazo ncha yake inacheza, dawa hiyo isitolewe kwa kufuata desturi tu.

Wagonjwa wa aina zisizo za kawaida wasiambiwe kwamba wamepata ugonjwa mwepesi. Moyo wao husukuma vizuri kidogo tu zaidi siku ya kwanza, na hatari yao ya kifo ndani ya mwaka, baada ya kuzingatia tofauti nyingine, inafanana na ya aina ya ncha. Katika rejista ile ya 2015, vifo hospitalini kwa ujumla vilikuwa asilimia 4.1. Walioangushwa na kichochezi cha mwili wako hatarini kuliko walioangushwa na hisia, na wanaume kuliko wanawake.

Baada ya kutoka hospitalini, vizuizi vya ACE au vya vipokezi vya angiotensini vimehusishwa na uhai zaidi mwaka wa kwanza. Vizuizi-beta havijaonyesha faida hiyo. Ni takwimu za ufuatiliaji, si za majaribio ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo zinaongoza bila kulazimisha. Eko irudiwe kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kuta zisiporudi kucheza kabisa, utambuzi wa kwanza una shaka na MRI inahitajika upya. Ugonjwa hurudi kwa takriban asilimia 1.8 ya wagonjwa kwa mwaka, na unaporudi unaweza kuwa wa aina nyingine: aliyelegea ncha mara ya kwanza akalegea katikati au juu mara ya pili. Nakala ya picha za mwanzo, pamoja na jina la aina, viandikwe kwenye barua ya kuruhusiwa na mgonjwa apewe nakala yake.